Uliza Ujibiwe: Savea aliona kichaka, Mmaya aliona shamba

Toleo lililopita tuligusia kwa aya moja tu maasi ya Wamaya wa Meksiko na Amerika ya Kati. Barua zikamiminika hapa Nakuru, nyingi kutoka kwa wakulima. Tumechagua sita na kuzifupisha.

*Shuleni tulifundishwa kwamba Wamaya walitoweka wakaacha magofu. Sasa hao walioasi ni akina nani? – Mzazi, Kakamega*

Kilichoachwa ni miji mikubwa ya kusini, yapata karne ya 9. Watu wenyewe hawakwenda popote. Leo ni mamilioni, kusini mwa Meksiko, Guatemala na Belize, na Guatemala peke yake inatambua lugha 22 za Kimaya. Anayesema Kik'iche' na anayesema Kitzotzil ni kama Mkikuyu na Mbukusu: lugha zina undugu, lakini wakikutana sokoni watatafuta lugha ya tatu. Kwa hiyo hakuna uasi mmoja wa Wamaya. Cancuc mwaka 1712, Cisteil 1761, Totonicapán 1820, Yucatán 1847, Chiapas 1994: kila mahali watu wake na ugomvi wake. Kodi, ardhi na dini ndivyo vinavyojirudia.

*Habari za kazi, wahariri. Kila wiki napita Mogotio katikati ya mashamba ya mkonge. Naambiwa mmea huo ulitoka kwa Wamaya, na kwamba ndio uliowaletea vita karne ya 19. Ni kweli? – Dereva, Rongai*

Nusu ni kweli. Asili ya mkonge ni kusini mwa Meksiko, na jina lake la kibiashara, sisal, ni jina la bandari ndogo ya Yucatán, rasi iliyo kusini-mashariki mwa Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kupitia Florida, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Lakini si mkonge uliowasha vita. Ndugu yake wa Yucatán, henequen, ulitawala kaskazini-magharibi mwa rasi ile hasa baada ya vita kuanza. Moto wenyewe uliwaka upande wa kusini na mashariki, mashamba ya miwa yalikokuwa yakisogea kuingia kwenye mahindi ya watu.

Hapo dereva wetu asimame kidogo. Udongo wa Yucatán ni mwembamba, umelala juu ya mwamba wa chokaa, plau haipiti. Mkulima hufyeka msitu wakati wa kiangazi, huacha matawi yakauke, huyachoma mvua zinapokaribia, kisha hutoboa mashimo kwa mti uliochongwa ncha na kutia humo punje chache za mahindi pamoja na maharagwe na malenge. Msimu wa kwanza majivu ndiyo mbolea. Wa pili mavuno hushuka. Wa tatu magugu humshinda, naye huhamia kipande kingine na kukilaza kile cha zamani miaka kumi au zaidi hadi msitu urudi. Tupige hesabu ya mfano: familia inayolima ekari 6 kwa miaka 2 na kukilaza kila kipande miaka 12 inahitaji vipande 7, yaani ekari 42. Savea akija siku yoyote ile ataona ekari 6 za mahindi na ekari 36 za kichaka. Kichaka hicho ndicho sheria za Yucatán za miaka ya 1840 zilichokiita ardhi tupu, kikauzwa au kikagawiwa watu walioidai serikali, wakiwemo wanajeshi. (Msomaji wa Bonde la Ufa anayeijua Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902, ambayo kwayo wakoloni waliwagawia walowezi ardhi, ameshaguna.)

Juu ya hilo weka kodi, ada za kanisa, na deni la kumfunga mtu kwa tajiri wake. Tarehe 26 Julai 1847 kiongozi wa Kimaya Manuel Antonio Ay aliuawa mjini Valladolid kwa tuhuma za kupanga uasi. Siku nne baadaye kiongozi mwenzake, Cecilio Chi, akavamia Tepich. Kufikia katikati ya 1848 waasi walikuwa wameshika sehemu kubwa ya rasi na kuukaribia mji mkuu, Mérida. Kisha wakageuka wakarudi.

Simulizi maarufu yasema waliona sisimizi wenye mbawa wakiruka, kumbikumbi wa kwao tuseme, wakajua mvua imefika na kila mmoja akaenda kupanda. Sisi tunaiamini nusu. Ni kweli jeshi lisilo na ghala hula lilichopanda, na asiyepanda Mei hana cha kula Desemba. Lakini walikuwa pia wameshagawanyika: Aprili 1848 Jacinto Pat, kiongozi mwingine wa waasi, alitia saini mkataba wa amani wa Tzucacab na serikali ya Yucatán, Chi akaukataa. Mwaka 1849 ulipokwisha wote wawili walikuwa wameuawa, tena na watu wa upande wao.

*Mimi hufundisha historia. Wanafunzi wakisoma habari za Elijah Masinde na Dini ya Msambwa huuliza kama kwingine dini iliwahi kuongoza vita vya ardhi. Wamaya je? – Mwalimu, Kimilili*

Ndiyo, Mwalimu, na kwao dini ilizaa dola. Mwaka 1850, vita vikiwa vimewalemea waasi, msalaba ulioko msituni penye kisima cha asili ulianza "kusema" na kuwaagiza waendelee kupigana. Mahali hapo pakawa mji, Chan Santa Cruz, ambao leo unaitwa Felipe Carrillo Puerto. Wafuasi waliitwa Cruzob: neno la Kihispania la msalaba likavishwa alama ya wingi ya Kimaya. Sauti ilitoka kwenye madhabahu, na maagizo mengine yalikuja kwa barua. Wanaume walipangwa kwa kombania, na kila kombania ilikuja kwa zamu kuulinda msalaba. Desturi hiyo ya zamu haijafa. Viko vijiji vinavyoifuata hadi leo.

Kilichoiweka dola hiyo hai nusu karne ni mpaka. Baruti na bunduki zilinunuliwa kwa wafanyabiashara wa Belize, iliyokuwa koloni la Uingereza. Ndiyo maana pigo kubwa halikutoka vitani. Mwaka 1893 Uingereza na Meksiko walitia saini mkataba wa Spencer–Mariscal, mpaka ukachorwa na biashara ya silaha ikapigwa marufuku. Jenerali Ignacio Bravo alipoingia Chan Santa Cruz Mei 1901 aliukuta karibu mtupu. Dini ya Msambwa, vuguvugu la Masinde magharibi mwa Kenya lililopigwa marufuku mwaka 1948, haikuwa na Belize yake. Wape wanafunzi swali hilo wajadili: uasi ukikosa mpaka wa kupitishia baruti, una muda gani?

*Sisi ni chama cha akina mama. Tumesikia Wazapatista huongoza kwa zamu na bila mshahara. Inawezekanaje? Kwetu mweka hazina akibadilishwa tu, hesabu hupotea. – Katibu, Ahero*

Mama, swali lako ndilo wanaloulizana wao wenyewe kwa miaka.

Kwanza walikotoka Wazapatista, ambao wengi wao ni wakulima wa Kimaya wa jimbo la Chiapas, kusini mwa Meksiko. Katiba ya Meksiko ya 1917 iliwapa wanakijiji haki ya kuomba ardhi ya pamoja, iitwayo ejido, isiyouzika. Mwaka 1992 kifungu cha 27 kilibadilishwa: ugawaji ukakoma na ejido ikafunguliwa mlango wa kuuzwa. Kwa wakulima wa Chiapas ambao maombi yao yalikuwa yamekaa ofisini miaka na mikaka, faili lilifungwa. Tarehe 1 Januari 1994 mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulianza kazi, ambao ungeondoa hatua kwa hatua ushuru wa mahindi ya nje. Mkulima wa Kitale hahitaji kuelezwa maana yake. Siku hiyohiyo jeshi la Wazapatista, EZLN, likateka San Cristóbal de las Casas, Ocosingo na miji mingine. Mapigano yalidumu siku 12. Katika vurumai hizo wakulima walichukua mashamba ya matajiri wa ng'ombe, na ardhi hiyo ndiyo iliyobeba kila kilichofuata.

Utawala wa zamu wanaousifia watu ulianza Agosti 2003, kwenye vituo vitano walivyoviita Konokono. Mkutano wa kijiji ulichagua wajumbe, wajumbe waliingia manispaa, na juu yake likawepo baraza la utawala bora ambalo wajumbe wake walikaa kituoni wiki moja au mbili, wakarudi shambani, wengine wakaingia. Mshahara haukuwepo. Kijiji kilimlimia mjumbe shamba lake au kilimpa mahindi akiwa kazini. Ukiiga zamu ukasahau kumlimia mtu shamba lake, mama, utabaki na viongozi wenye uwezo tu, maskini watakataa kuchaguliwa.

Kilichoharibika ni kile unachokijua. Kesi ya mpaka ilisikizwa na kundi hili, ikaamuliwa na kundi lile ambalo halikumwona shahidi. Mambo yalicheleweshwa. Baya zaidi, Novemba 2023 wenyewe walitangaza kuvunja mabaraza na manispaa hizo, wakisema zimekuwa piramidi: taarifa za juu hazishuki, maoni ya chini hayapandi. Sasa msingi ni serikali ndogo ya kila kijiji. Sehemu ya ardhi waliyoichukua imetangazwa kuwa ya wote, haina hati wala mwenyewe, na asiye Mzapatista naye hulima kwa zamu. Upande wa pili upo mpango wa serikali wa kupanda miti, ulioanza 2019, unaomtaka mshiriki awe na hekta 2.5. Kila anayetaka kujiunga hutafuta kipande chake, na ugomvi wa mipaka hufufuka hapo.

Kuhusu hesabu zenu: mweka hazina mpya aanze mwezi mmoja kabla yule wa zamani hajaondoka, wote wawili watie saini daftari.

*Mbona Guatemala, wenye Wamaya wengi zaidi, hawakufanya kama Chiapas? – Msomaji, Kisumu*

Walijaribu njia zote. Sheria ya kugawa ardhi ya 1952 ilifutwa baada ya mapinduzi ya 1954 yaliyoungwa mkono na Marekani. Vita vya 1960 hadi 1996 viliua au kupoteza watu zaidi ya 200,000, na tume ya ukweli ilikuta kwamba kati ya waathiriwa waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Baada ya hapo bunduki haina mvuto. Nguvu iko kwenye mamlaka za vijiji kama Kantoni 48 za Totonicapán, zilizoongoza kufunga barabara Oktoba 2023 kutetea ushindi wa rais mteule Bernardo Arévalo. Akaapishwa Januari 2024.

*Sisi wa Mau tulishinda kortini na bado tunangoja. Kuna Mmaya aliyewahi kupata ardhi kwa njia ya mahakama? – Msomaji, Njoro*

Wapo, Ndugu, wa wilaya ya Toledo kusini mwa Belize, na safari yao inafanana na ya Waogiek wa msitu wa Mau. Vijiji vya Conejo na Santa Cruz vilishinda mwaka 2007, vijiji vingine vikafuata 2010, na tarehe 22 Aprili 2015 Mahakama ya Haki ya Karibea ikathibitisha umiliki wao wa kimila.

Tazama walichopeleka kortini. Mwaka 1997 walikuwa wamechapisha atlasi waliyoichora wenyewe, kijiji kwa kijiji: mashamba, vichaka vilivyolazwa, mito ya kuvua, misitu ya dawa. Walithibitisha pia kwamba ardhi ina kanuni. Mgeni haanzi kulima kabla ya kuomba kwa alcalde, ambaye ni kama mzee wa kijiji mwenye korti ndogo, na kwa mkutano wa kijiji. Kila mwenye nyumba hufika kwenye fajina, kazi ya pamoja ya kufyeka njia na uwanja, na asiyefika hutozwa faini. Usiidharau faini hiyo. Kwa hakimu, mahali penye faini pana sheria, na penye sheria pana mwenyewe.

Kilichokwama ni kilekile chenu. Amri ya 2015 iliitaka serikali itunge utaratibu wa kupima na kusajili ardhi, na miaka mingi baadaye pande mbili zilikuwa bado zinavutana juu ya rasimu. Waogiek walishinda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, tarehe 26 Mei 2017, na hukumu ya fidia ya 23 Juni 2022 ikataja shilingi milioni 57.85 na nyingine milioni 100, pamoja na kurejeshewa ardhi kwa hatimiliki ya pamoja.

Kwa jamii ambazo hazijafika kortini, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inadai mkutano wa watu wazima wote, kamati ya watu 7 hadi 15, na ridhaa ya thuluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa kabla ya kuuza au kukabidhi ardhi. Mahali pa kuteleza ni orodha ya wanachama: wakiachwa wajane na mabinti walioolewa nje, mpinzani wenu atawatafuta hao kwanza awape wakili. Iandikeni orodha hiyo mkutanoni, majina yasomwe kwa sauti, na nakala moja ibaki kwa mtu asiye kwenye kamati.