Pima joto kwanza, ndipo upige simu

Maswali ambayo wafugaji wameniuliza safari hii, mimi daktari wa mifugo, karibu yote yamekuja na picha au video za simu. Nimeyafupisha.

Daktari, mbuzi wangu hali majani tangu jana. Nitajie dawa. (Masasi)

Swali hili linakuja kila wiki kwa maneno yaleyale, na kila wiki nasema: hakuna dawa ya "hali majani". Nieleze umri wake, ana mimba au ananyonyesha, wanaumwa wangapi kati ya wangapi, kinyesi kikoje, amekula nini, amechomwa sindano gani na lini. Halafu joto. Kipimajoto cha namba cha duka la dawa za binadamu kinatosha. Kipake mafuta, kiingize mkunduni, kiegemeze pembeni kisizame kwenye kinyesi, subiri kilie. Mbuzi mzima huwa na nyuzi 38.5 hadi 40, ng'ombe 38 hadi 39.5. Pima akiwa amepumzika kivulini, kwa sababu aliyetoka juani saa nane atakupa joto la jua.

Msimu wa korosho kuna la kuongeza: amekula mabibo? Mbuzi aliyejaza tumbo mabibo yaliyochacha kwa kawaida hana homa, tumbo lake limejaa tindikali, na sindano ya OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria) haimsaidii kitu. Na kama mikorosho imepuliziwa dawa ya wadudu, mbuzi anatoka udenda, anatetemeka na mboni za macho zimesinyaa, hiyo ni sumu. Tuma picha ya kibandiko cha chupa ya dawa kabla ya picha ya mbuzi.

Nilimtumia video mtaalamu wa mtandaoni, akasema nimchome ng'ombe cc 10 za OTC. Hajapona. Niongeze? (Nachingwea)

Cc 10 kwa ng'ombe wa kilo ngapi? Kama hakukuuliza uzito, hakukutibia ng'ombe. Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa makalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Vipimo vyote viwe vya sentimita. Mzunguko 140 na urefu 120 ni ng'ombe wa kilo 217 hivi. OTC ya asilimia 20 ni cc 1 kwa kilo 10, kwa hiyo huyo alihitaji kama cc 22, zigawanywe sehemu tatu, isizidi cc 10 mahali pamoja. Kama wako ana ukubwa huo, umempa chini ya nusu. Nusu dozi inavizoesha vijidudu dawa, kesho hata dozi kamili haitafanya kazi.

Lakini usiongeze, kwa sababu bado hujui unatibu nini. Upande wa Nachingwea na Liwale, karibu na mapori yenye mbung'o, ng'ombe anayekonda, tezi zimevimba na ukope wa ndani umekuwa mweupe huenda ana ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na OTC haiutibu. Dawa yake ya unga, diminazini, pakiti ya gramu 2.36 huyeyushwa kwa cc 15 za maji yaliyochemshwa yakapoa, na ng'ombe hupewa cc 5 kwa kila kilo 100. Huyo wa kilo 217 ni cc 11. Hata hivyo ndorobo haionekani kwa kamera, inaonekana kwa darubini. Toa tone la damu ncha ya sikio, lipake kwenye kioo, likauke lenyewe, lipeleke maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) ana kituo Mtwara. Maziwa na nyama visubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Na huyo mtaalamu mwombe namba yake ya usajili wa Baraza la Veterinari. Sheria ya Veterinari ya 2003 inamtaka asajiliwe. Akianza kuzunguka, kata simu. Kuna watu wanauza dawa kwa jina la tiba ya mtandaoni, na anayebeba hasara ni mfugaji.

Ng'ombe amekufa ghafla usiku, damu inatoka puani. Nipasue nikuonyeshe ndani kwa video? (Kilwa)

Usipasue. Usichune, usigawe nyama, hata jirani akisema ni hasara. Damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni, tumbo limevimba upesi, mwili haukakamai: hesabu kuwa ni kimeta mpaka maabara ikatae. Mzoga ukifunguliwa, vimelea hupata hewa, hujijengea gamba na kukaa ardhini miaka na miaka vikisubiri ng'ombe mwingine. Picha moja ya kutoka hatua kumi inanitosha. Zuia mbwa na kunguru, mpigie afisa mifugo wa kata saa hiyohiyo, naye asimamie kufukia palepale, kina cha mita 2, pamoja na udongo uliolowa damu. Aliyekwisha kuugusa mzoga akiona kipele kinachogeuka kidonda cheusi kisichouma, aende hospitali na aseme aligusa nini.

Mbuzi saba kati ya kumi na wawili wanakohoa na kutoa makamasi, wawili wanaharisha. Nimetuma picha mbili. Ni homa ya mapafu? (Tandahimba)

Picha zote mbili zinaonyesha mgongo. Nitumie video tatu. Ya kwanza, mbuzi amesimama ubavu kwa kamera, dakika nzima, hakuna anayemshika wala kuongea. Hapo nahesabu pumzi. Ya pili, mdomo: vuta mdomo wa chini, mwenzako amulike kwa tochi kutoka pembeni. Taa ya simu inayorekodi huufanya ufizi wenye mate ung'ae mweupe, na weupe ndio ninaoutafuta. Ya tatu, mkia na kinyesi. Jua liwe nyuma ya mpigaji. Video fupi na picha zitume kama faili, kwa maana zikitumwa kawaida WhatsApp huzibana na vidonda vidogo hupotea.

Homa ya mapafu ya mbuzi hukaa kifuani: mbuzi anatanua miguu ya mbele, ananyoosha shingo, anakoroma, lakini haharishi, na kondoo wa zizi hilohilo kwa kawaida wako salama. Sotoka ya mbuzi na kondoo (PPR) hushambulia macho, mdomo na tumbo pia, na ndani ya mdomo wa chini utaona utando kama pumba iliyolowa. Kwa kuwa wawili wako wanaharisha, nashuku sotoka. Ilithibitishwa kaskazini mwa nchi mwaka 2008 na haikuchukua miaka mingi kufika Tandahimba na Newala. Ni virusi, haina dawa. OTC itapunguza nimonia inayofuatia, na maji yenye chumvi na sukari yatamsaidia anayeharisha, basi. Kinga ni chanjo, cc 1 chini ya ngozi, ambayo hulinda kama miaka mitatu.

Najua unachofikiria: kuwauza wale watano wazima. Nakusihi usifanye hivyo. Mbuzi anaweza kuambukiza kabla hajaonyesha dalili, na mnada mmoja unatosha kuufikisha ugonjwa vijiji kumi.

Mbwa amemng'ata mtoto. Nitume video uone kama ana kichaa? (Mtwara Mjini)

Hapana. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi akaanze sindano. Mbwa afungwe aangaliwe siku 10. Akiuawa, kichwa kisipondwe, maana maabara inapima ubongo.

Kuku wanapinda shingo na kuharisha kijani. Nipige picha ya nini? (Newala)

Nitajie kwanza tarehe ya mwisho ya chanjo ya kideri (Newcastle). Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni kila miezi 3, kifaranga na jogoo sawasawa. Inavumilia joto kuliko nyingine, ila si chupa ya kutembea nayo mfukoni juani. Walioanza kupinda shingo hawaponi kwa chanjo wala kwa unga wa tetrasaiklini kwenye maji. Aliyekufa sasa hivi mfunge mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye barafu bila kumgandisha, afike maabara siku hiyohiyo.

Mtamba alisukuma kwa muda wa saa tatu, miguu ya ndama ikiwa nje, tukamvuta watu sita, ndama akafa. Kwa video ungesaidia nini? (Ruangwa)

Pole sana. Hapa simu inasaidia kweli, ilimradi upige mapema: chupa ya maji ikipasuka na saa moja ikapita bila hatua, piga. Mwenye mkono mwembamba akate kucha, ajioshe hadi begani, ajipake mafuta safi ya kula, aingize mkono nikimwongoza. Nyayo za kwato zikitazama chini, huenda ni miguu ya mbele. Kwato peke yake zisikudanganye, papasa viungo viwili vya kwanza: vikikunjika upande mmoja ni mguu wa mbele, vikikunjika kila kimoja upande wake ni wa nyuma. Miguu ikiwa ya mbele, tafuta kichwa. Kikiwa kimegeukia ubavuni, kuvuta ni kuua, na nadhani ndicho kilichotokea kwako. Kikiwa kimelala juu ya miguu, funga kamba juu ya kifundo, watu wawili tu, vuta mguu mmoja baada ya mwingine, mama anaposukuma tu. Dakika 20 bila mafanikio, acha. Anahitaji daktari aje mwenyewe, labda na kisu cha upasuaji. Kondo la nyuma likichelewa usilivute wala kulifungia jiwe.

Huku mtandao unapatikana mlimani tu. Tufanyeje? (Liwale)

Rekodi ukiwa zizini, andika joto na saa kwenye karatasi, ipige picha, mpe kijana wa bodaboda simu apande nayo. Akae hukohuko mpaka nijibu, maana mara nyingi jibu langu la kwanza ni swali.