Nyar Sakwa wa Sakwa ipi?

Ukitaka kujua nyanya yako alitoka ukoo gani, usianze na kitambulisho. Mle utakuta jina la ubatizo na jina la babu, basi. Anza na jina ambalo wake wenza walimwitia.

Kwetu Waluo, mwanamke akiolewa huitwa kwa kwao: Nyar Alego, Nyar Asembo, Nyar Uyoma, yaani binti wa huko. Mwanamume akiwa ugenini naye ni Ja-Gem au Ja-Kano. Hatuoi ndani ya ukoo wetu, kwa hiyo kila mke aliyeingia bomani alitoka kwingine, na jina la kwao likamtofautisha na wenzake. Kwenye boma la mitala hata watoto walijulikana kwa nyumba ya mama yao.

Lakini jina hilo hukuonyesha upande tu. Nyanya yangu alikuwa Nyar Sakwa. Nilipomuuliza shangazi habari zake, alinirudishia swali: "Sakwa ipi, mwanangu? Ya Bondo au ya Awendo?" Sakwa ni mbili. Moja iko Siaya, kaskazini mwa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Nyingine iko Migori, kwenye mashamba ya miwa. Watu wa zamani walihamia kusini, wakahama na jina. Yetu ni ya Awendo. Wakati huo binamu zangu wa Nairobi walikuwa wameshachora ukoo mzima wa Bondo, tena kwa rangi.

Nyarloka ndilo gumu zaidi. Ni binti wa ng'ambo, lakini ng'ambo ya ziwa au ya mto? Inategemea boma alikoolewa lilikuwa upande gani, kwa hiyo ulizia hilo kwanza.

Na ukiambiwa Nyar Rusinga, usikimbilie kuandika Mluo ukafunga daftari. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano wana asili ya Kibantu, wazee wao walitoka upande wa Uganda, ingawa wengi leo wanazungumza Kiluo. Mwanasiasa Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka 1969, alikuwa wa jamii hiyo.

Swali lililonisaidia kuliko yote ni hili: ng'ombe wa mahari walipelekwa kwa nani? Wazee husahau tarehe, lakini aliyeswaga ng'ombe hasahau boma alikowafikisha. Atakutajia ukoo wenyewe, mara nyingi jina linaloanza na Ka-. Kisha uliza ni watu gani wa upande wa nyanya waliokuja kumzika, na walitokea wapi. Rekodi kwa simu, wala usimkatize mzee akianza kukosoana na mwenzake. Majina mengi niliyapata hapo.

Yafanye haya kabla kijana wenu hajaanza kwenda ukweni. Kule wataulizia na upande wa mama, na "Nyar Sakwa" peke yake haitawatosha.