Re: Amoksilini ya mtoto imeganda chini ya chupa
Pole dada. Umejaza maji hadi kwenye alama, ukatikisa, donge likabaki chini, na povu liliposhuka maji yakapungua. Na mimi yalinikuta kwa mwanangu.

Kwanza: umeshampa? Kama bado, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ifike alama, tikisa hadi donge liishe. Kama umeshampa, usiongeze kitu, irudishe duka la dawa.

Chupa nyingine igonge-gonge ikiwa kavu, unga uachie, ndipo utie maji nusu, utikise, umalizie. Na utikise kila unapompa, la sivyo dozi za mwanzo huwa nyepesi na za mwisho kali mno. Mililita ngapi, muulize mfamasia. Inategemea uzito wake.