Kupe na minyoo: dawa imetumika, mbona haikufanya kazi?

Naogesha kila wiki kwa amitrazi, kupe bado wapo. Dawa ni feki?

Anza na kipimo. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, yaani mililita 40 kwenye bomba la lita 20. Usipimie kizibo, tumia bomba la sindano. Kisha angalia unaponyunyizia. Kupe wanaoeneza ugonjwa wa ndigana kali hujazana ndani ya masikio, wengine chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya kwato, ilhali wafugaji wengi huishia mgongoni. Ng'ombe alowe mpaka dawa ichuruzike tumboni. Bomba moja kwa ng'ombe kumi halitoshi kabisa.

Ukiwa umefanya hayo yote na kupe wa bluu bado wanashiba, shuku usugu, yaani dawa haiwaui tena. Huyu hukaa juu ya ng'ombe mmoja takriban wiki 3, tangu akiwa mdogo mpaka anaposhiba na kuanguka, hivyo kizazi kizima hupitia dawa yako. Badili kundi la dawa, si jina la chupa: sipamethrini na deltamethrini ni kundi moja.

Nichanganye dawa mbili za kuogeshea?

Hapana. Na amitrazi usimwogeshee punda, inaweza kumuua.

Dawa ya minyoo nakadiria uzito kwa macho. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Albendazoli ya asilimia 10 ni mililita 7.5 kwa kilo 100. Ng'ombe wa kilo 300 ukimdhania 200, utampa 15 badala ya 22.5: minyoo dhaifu itakufa, iliyohimili itabaki kuzaliana. Tumia utepe wa kupimia uzito, uuzungushe kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Kwa minyoo ya ini toa mililita 10 kwa kilo 100, ukijua kwamba inaua iliyokomaa tu. Jike aliyepandishwa ndani ya mwezi mmoja uliopita asipewe.

Kundi zima ninyweshe kila miezi mitatu?

Sishauri. Wape kipaumbele ndama walioachishwa na waliokonda. Wakubwa wenye afya wana kinga, waache baadhi ili minyoo isiyo sugu isitoweke malishoni. Peleka kinyesi maabara kabla ya kunywesha na tena baada ya siku 14. Mayai ya minyoo kwenye kinyesi yasipopungua kwa asilimia 95, dawa hiyo imeanza kushindwa.

Ng'ombe anakamuliwa, nimchome ivermektini, ile sindano ya minyoo?

Maziwa yakinywewa na watu, usimchome. Dawa hiyo hutoka kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi.