Usingizi wa pono: kwa mnaoanza kazi ya matangi Kigoma

Mdogo wangu, ukiajiriwa kwenye samaki wa mapambo hapa Kigoma, siku ya kwanza huenda ukaonyeshwa kabati la dawa. Mimi naomba uanze na mikono yako. Kabla hujamgusa samaki, iloweshe kwa maji ya tangi lake. Neti nayo iloweshe. Taulo kavu isikaribie chumba kile kabisa.

Sababu ni ute. Ule utelezi ambao jikoni tunauondoa kwa chumvi na ndimu ndio ukuta wa samaki, na watu wengi wanaoingia kazini hawaujui. Ngozi yetu sisi ina tabaka la juu lililokufa, gumu kidogo, linalotukinga. Ya samaki iko hai mpaka juu kabisa, na kinachoifunika ni ute tu. Ndani yake mna kingamwili, mna protini ndogo zinazotoboa vijidudu, na mna kimeng'enya kinachovunja kuta za bakteria, kilekile kilichomo kwenye machozi yako. Tena ute haukai mahali pamoja. Unatengenezwa na kumwagika muda wote, hivyo kimelea kinachotua mgongoni husombwa kabla hakijashika vizuri. Ukimkamata samaki kwa mkono mkavu, umemvua nguo hiyo. Kile kiraka cha vidole vyako vinne hukioni, lakini vimelea watakiona.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea Tropheus 42, samaki wadogo wa kwenye mawe ya ziwa letu, jamaa wa perege, jioni moja, mtumbwi umechelewa, giza linaingia, nami nina haraka. Niliwapanga kwa ukubwa, mmoja mmoja, juu ya taulo. Siku ya sita asubuhi nikakuta vidoa vyeupe kwenye mapezi ya watatu, kama chembe za chumvi. Kufikia siku ya tisa tangi zima lilikuwa navyo. Walikufa 17, na wale wa mwisho walifia wamekaa chini ya bomba la hewa, matamvua yakipanda na kushuka kwa kasi. Sijasahau.

Elewa kilichotokea, maana utakutana nacho. Kila kidoa ni mdudu wa seli moja, Ichthyophthirius multifiliis, aliyejichimbia chini ya ngozi. Akishiba anadondoka, anajifunika gamba sakafuni, na humo ndani anajigawa kuwa mamia. Hao wachanga wanatoka kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa. Kwa maji ya nyuzi 25, mzunguko wote unaweza kuisha ndani ya wiki moja. Dawa haimfikii aliye chini ya ngozi wala aliye ndani ya gamba lake. Inampata yule anayeogelea tu, ndiyo maana ukitibu mara moja ukaacha, umefanya kazi bure.

Sasa fikiria mamia hao wakitoka ndani ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470. Wengi hawapati mtu. Kwenye tangi la lita 300 lenye samaki 40, hakuna anayekosa. Ziwani nafasi yenyewe ni kinga, na sisi ndio tulioiondoa.

Lakini kuna jambo lilinishangaza baadaye. Miezi miwili ikapita, ugonjwa ukarudi chumbani kupitia neti iliyohamishwa toka tangi jingine. Samaki wote wa matangi jirani wakapata vidoa. Wale 25 walionusurika hawakupata hata kimoja. Mwili wa samaki aliyepona hukumbuka, na kingamwili zinazomwagika kwenye ute humkamata mdudu mlangoni. Baharini yupo mwenzake, Cryptocaryon irritans, na samaki wa miamba waliopona kwake nao hukaa na kinga kwa miezi kadhaa.

Nataja bahari kwa sababu macho yangu yalifunguka huko, nilipokuwa mafunzoni Mafia. Unajua tunavyosema mtu kalala usingizi wa pono. Usiku, pembeni mwa mwamba, tulimmulika pono kwa tochi kwa chini chini, naye alikuwa ndani ya mfuko wa ute unaong'aa kama nailoni nyembamba, umemzunguka mwili mzima. Baadhi ya aina za pono hutengeneza mfuko huo kila usiku. Kwa muda mrefu ilidhaniwa unaficha harufu yake ili mkunga, yule samaki mwindaji mrefu kama nyoka, asimnuse. Kisha mwaka 2011 watafiti wa Australia wakatoa majibu ya jaribio zuri: waliwaondolea baadhi ya pono mifuko yao, wakawaacha wengine nayo, wakawafungulia vidudu wadogo wanaonyonya damu usiku, jamaa wa kamba na kaa. Zaidi ya asilimia 90 ya waliovuliwa walishambuliwa. Waliobaki na mfuko, kama asilimia 10 tu. Ni chandarua. Sisi tuliokulia kwenye mbu wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mchana samaki wa miamba wana njia nyingine ya kujikinga na vimelea. Yupo samaki mwembamba, mwenye mstari mweusi ubavuni, Labroides dimidiatus, anayekaa sehemu yake ya mwamba kama kinyozi barazani. Wakubwa wanakuja, wanasimama, wanafungua midomo na matamvua, naye anaingia kudonoa. Mtafiti Alexandra Grutter alihesabu kwenye miamba ya Australia na kuchapisha mwaka 1999: kinyozi mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku. Hata hivyo, akiachiwa achague, anapenda kula ute wenyewe kuliko vimelea. Mteja akiibiwa anashtuka, anamfukuza, au anahamia kwa mwingine. Huo ute una gharama, na mwenye nao anaulinda.

Huku ziwani kinyozi wa namna hiyo sijawahi kumwona kwa miaka yote niliyochungulia maji ya Bangwe na Katonga. Samaki wetu wanajisugua. Vaa miwani, kaa kimya kwenye maji ya kifuani, tazama mawe. Utamwona anageuka ubavu, anajipiga jiwe mara moja, ubavu unametameta, anaendelea kula. Mara moja moja ni kawaida. Tangini ukimwona anarudia mara kumi ndani ya dakika chache, tena anasugua kifuniko cha matamvua, waza minyoo bapa ya Cichlidogyrus. Ni midogo kuliko ncha ya pini, ina kulabu, na makazi yake ni matamvua ya samaki wa jamii ya Tropheus na perege. Usitishike ukiona mmoja wawili kwenye hadubini. Samaki mwenye afya anaishi na vimelea wachache miaka na miaka. Kinachonitisha mimi ni kuongezeka.

Na huongezeka pale samaki anapoonewa. Tropheus ni wababe. Ukiweka watano, mmoja atamwandama mwenzake mpaka anajibanza pembeni, rangi imefifia, hali chakula. Homoni ya msongo ikikaa juu siku nyingi, kinga inashuka, ute unaharibika. Waweke 15 au 20 ugomvi usambae, na mawe yawe mengi ya kujificha. Wakati huohuo maji yawe mengi na yabadilishwe, maana msongamano ni neema kwa mdudu. Hapo lazima upime, hakuna kanuni moja itakayokuamulia.

Kuna kimelea wa aina nyingine ambaye ningependa umjue kwa ajili tu ya uzuri wa jambo lenyewe. Synodontis multipunctatus, gogogo wetu mwenye madoa, hudondosha mayai yake wakati samaki wanaoatamia mdomoni wanataga. Mama anayabeba, na vifaranga wa gogogo vinakula wanawe humohumo mdomoni. Utafiti uliotoka 2018 ulionyesha kwamba samaki wa Tanganyika walioishi naye vizazi na vizazi huyatema mengi ya mayai hayo, ilhali jamaa zao wa maziwa mengine hudanganywa kirahisi.

Haya, mtumbwi ukifika. Usimwage samaki moja kwa moja. Elesha mifuko juu ya maji mpaka joto lilingane, kisha changanya maji kidogo kidogo. Tumia maji ya ziwa, ambayo pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, inakaribia 9, siyo ya bomba uliyofungua sasa hivi. Wahamishe kwa bakuli, ndani ya maji, bila kuwanyanyua hewani. Zima taa. Usiwalishe usiku ule. Karantini wiki nne, kila tangi na neti yake, na neti itundikwe kwenye tangi hilohilo isipate kuhama. Asubuhi, kabla hujagusa kitu, vuta kigoda ukae mbele ya kioo dakika kumi, uhesabu wanaojisugua, uandike kwenye daftari.