Vidole vinakufa ganzi nikicheza Switch: ninunue Joy-Con mpya?

SWALI: Nina Nintendo Switch OLED, mashine ya gemu ya mkononi, niliyoletewa kutoka Dubai. Usiku nacheza nikiwa nimelala chali kitandani. Nikishacheza kwa muda wa kama saa moja, kidole cha mwisho na cha pete cha mkono wa kulia vinakufa ganzi, na gumba la kulia linauma pale shinani. Juu ya hayo, stiki ya kushoto, ile ya kusukumwa kwa gumba, imeanza kuvuta juu yenyewe bila kuguswa. Fundi kaniambia dawa ni kununua Joy-Con mpya, vile vidhibiti viwili vya pembeni. Rafiki anasema niuze kabisa nichukue Steam Deck, mashine nyingine ya gemu ya mkononi. Nimsikilize nani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Joy-Con mpya usinunue kwa sasa. Ina umbo lilelile, unene uleule na stiki ya aina ileile, kwa hiyo utalipa pesa ubaki na ganzi, ubaki na maumivu ya gumba, na stiki ipate muda tu kabla ya kuanza kuvuta tena. Una matatizo matatu yenye vyanzo vitatu. La ganzi liko kwenye kiwiko chako. La gumba liko kwenye mpangilio wa vitufe vya mashine. La stiki ndilo peke yake lililo ndani ya Joy-Con, na linatengenezeka.

Tuanze na ganzi, maana hiyo si ya kuchezea. Kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vinahudumiwa na mshipa mmoja wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga kwenye ukingo wa meza unahisi kama shoti ya umeme hadi kidoleni. Kiwiko kikikunjwa kupita nyuzi 90, mshipa huo unavutika na njia unayopitia inabana. Kulala chali huku mashine iko juu ya uso kunakikunja kiwiko sana, tena kwa kawaida kiwiko chenyewe kinakuwa kimeegemea godoro. Hapo hakuna kava wala gripu itakayosaidia. (Ganzi ingekuwa kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, ningekuambia uangalie kifundo cha mkono, kwa sababu mshipa wa vidole hivyo hubanwa mkono ukikunjwa pale kifundoni.)

Dawa unayo tayari. Switch OLED ina uzito wa gramu 420 hivi ikiwa na Joy-Con zake, na mgongoni ina kigemeo kipana kinachosimama kwa pembe yoyote, tofauti na kile kijiti chembamba cha Switch ya 2017. Chomoa Joy-Con, simamisha kioo kwenye stuli kando ya kitanda, ulale kiubavu au ukae umeegemea ukuta. Sasa mkono wa kushoto umeshika gramu 49, wa kulia gramu 52. Mikono ilaze ubavuni au mapajani, viwiko vikunjuke zaidi ya pembe mraba. Joy-Con zikiachana, kila mkono unakaa unapotaka, na huu ndio uzuri wa Switch ambao wachezaji wengi hawautumii kabisa. Ganzi ikiendelea hata ukiwa umepumzika siku kadhaa, au ukianza kuangusha vitu, nenda hospitali. Hilo si la fundi.

Sasa gumba. Fanya jaribio hili: zima mashine, ishike kama unavyocheza, fumba macho, legeza mikono, uache magumba yatue yenyewe. La kushoto litaangukia kwenye stiki au karibu yake. La kulia litaangukia kwenye vitufe vya A, B, X na Y, siyo kwenye stiki, kwa sababu upande huo stiki imewekwa chini ya vitufe. Ili uifikie unalazimika kulirudisha gumba ndani kuelekea kiganja na kulikunja pingili. Misuli minene ya shina la gumba ndiyo inayolishikilia hapo, na katika gemu za kisasa stiki ya kulia ndiyo inayogeuza kamera, yaani unakotazama, maana yake huiachi hata nukta moja. Maumivu ya pale shinani yanatoka huko.

Unene nao unachangia. Mwili wa Switch una milimita 13.9 tu. Wanaosanifu mipini ya vifaa vya kazi huilenga milimita 30 hadi 50, kwa kuwa kwenye unene huo vidole vinajifunga bila kubana. Kitu chembamba unakishika kwa ncha za vidole, na gumba linageuka kuwa nusu ya koleo: linabana mashine isidondoke, na hapohapo linatakiwa liiendeshe stiki kwa ulaini. Kazi hizo mbili hazipatani. Ndiyo maana mashine nzito yenye mpini mnene mara nyingi inachosha kidogo kuliko nyepesi iliyo bapa, jambo ambalo muuzaji anayekusifia wepesi hatakuambia.

Kwa hiyo ongeza unene mgongoni. Yapo makava yenye mipini yanayouzwa, na yaliyo mengi ni mazuri, ila lile la kipande kimoja linaloukumbatia mwili wote litakulazimu ulivue kila ukitaka kuiweka Switch kwenye doki ya televisheni. Njia ya bei rahisi ni raba ya kandambili, ile sponji ngumu ya soli. Kata vipande viwili vya milimita 60 kwa 25, unene milimita 15. Piga kingo msasa mpaka ziwe mviringo, kona kali itakuchoma kiganja. Bandika kwa gundi ya utepe yenye pande mbili mgongoni mwa kila Joy-Con, sehemu ya chini, pale vidole vitatu vya mwisho vinapojikunja. Milimita 13.9 na 15 zinakupa karibu 29, na umeukaribia unene wa mpini. Acha wazi kile kitufe kidogo cha mviringo cha kuchomolea Joy-Con kilicho juu karibu na ZL na ZR (vitufe vya nyuma vya kidole cha shahada), na usisogee kwenye mwili wa kati wenye matundu ya hewa. Kwa kuwa raba iko kwenye Joy-Con peke yake, doki itaendelea kupokea mashine kama kawaida.

Kuna Hori Split Pad Pro, inayochukua nafasi ya Joy-Con na kukupa mipini mikubwa na stiki za ukubwa kamili. Kwa mkono mkubwa ni raha. Lakini haina betri, haina kihisi cha mwendo, haina mtetemo, na inafanya kazi ikiwa imechomekwa kwenye mashine tu. Wewe unayetakiwa kucheza kioo kikiwa stulini, haikufai.

Kisha ipunguzie stiki ya kulia kazi. Gemu nyingi za Switch zinakuruhusu kulenga kwa kuinamisha Joy-Con yenyewe. Splatoon na upinde wa Breath of the Wild ni mifano. Stiki inageuza kamera kwa mkupuo, kifundo cha mkono kinamalizia kulenga. Pandisha kasi ya kamera kwenye mipangilio ya gemu ili gumba lisikae limesukuma hadi mwisho. Na kama kuna kitufe unachokibonyeza kwa kuishindilia stiki, kihamishe: System Settings, kisha Controllers and Sensors, kisha Change Button Mapping. Sehemu hiyo iliongezwa 2020. Kuzishindilia stiki ni adui wa gumba na wa stiki zenyewe.

Kofia za kurefusha stiki ninazisita kwa Joy-Con. Kofia ikiinuka, nguvu ya kusukuma inapungua lakini safari ya gumba inaongezeka, na gumba lako tayari limejikunja kupita kiasi.

Haya, stiki inayovuta. Ndani ya stiki ya Joy-Con kuna vipande viwili vya kaboni, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Vidole vidogo vya chuma vinasugua juu yake, na mashine inasoma volti kujua stiki iko wapi. Kaboni inasagika, unga wake unabaki mlemle, vumbi linaongezeka, chuma kinalegea. Katikati ya stiki, kwa macho ya mashine, si katikati tena.

Kabla ya kufungua chochote, ingia System Settings, Controllers and Sensors, Calibrate Control Sticks, ubonyeze stiki ya kushoto, uangalie nukta. Ikikaa mahali pamoja nje ya kati bila kutikisika, isahihishe hapohapo, huenda ukamaliza. Ikirukaruka na kutetemeka, ni uchafu au kaboni iliyolika. Ukiisukuma kulia ukaiachia inarudi sehemu moja, ukiisukuma kushoto inarudi sehemu nyingine, springi au plastiki yake imechoka, na kusafisha hakutafaa kitu.

Kusafisha: zima mashine, chomoa Joy-Con, nyanyua ile sketi ya raba iliyo chini ya stiki kwa kijiti cha plastiki, dondosha tone moja au mawili ya spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, bora 99. Zungusha stiki pande zote kwa nusu dakika, acha ikauke vizuri, kisha isahihishe upya. Spiriti ya kidonda ya asilimia 70 ina maji mengi. Dawa ya kulainisha bawaba za mlango usiipeleke hapo hata kidogo: inaacha mafuta, na mafuta yanakusanya vumbi. Usafi huu hurudisha stiki kwa wiki au miezi, haurudishi kaboni iliyokwisha.

Ikirudia, badilisha stiki peke yake, na uweke ya sumaku, inayouzwa kwa jina la Hall. Hiyo haina kinachosuguana: sumaku inazunguka juu ya kihisi kisichoigusa. GuliKit wanatengeneza za Joy-Con. Hakuna kuchomea risasi. Unahitaji bisibisi ya Y00 yenye pembe tatu, ya PH00, kibano na kijiti cha plastiki.

Toa skrubu nne za nyuma za Y00. Bisibisi isiyokaa sawasawa itazila vichwa, na hapo kazi imekuwa mara tatu. Fungua kifuniko polepole kama kitabu, usikivute, kwa kuwa fleksi (nyaya bapa kama utepe) za upande wa reli bado zimeunganisha nusu mbili. Chomoa plagi ya betri kwanza, ndipo uibandue betri kwa plastiki, kamwe si kwa chuma. Chini yake kuna fremu yenye skrubu tatu za PH00. Inyanyue taratibu, fleksi ya kitufe cha ZL imeshikana nayo. Fleksi ya stiki imebanwa na kijimlango chembamba cha plastiki: kinyanyue kwa ukucha, kisha fleksi itoke yenyewe bila nguvu. Wengi huharibu hapa. Wanavuta fleksi kijimlango kikiwa kimefungwa, wanakivunja, na tundu la kwenye bodi si kazi ya mezani nyumbani. Stiki imeshikwa na skrubu mbili. Weka mpya, funga kijimlango, na kabla ya kurudisha kifuniko chomeka betri na ujaribu vitufe vyote, hasa ZL na kile chenye alama ya kutoa (−). Ukimaliza, rudi Calibrate Control Sticks. Stiki ya sumaku isiyosahihishwa baada ya kufungwa inaweza kuonekana mbovu wakati ni nzima.

Kama huna hela ya stiki leo, ukishafika ndani kata kadi ngumu ya unene wa milimita 1, uiweke juu ya bati la mgongoni mwa stiki, kifuniko kikifungwa kiikandamize. Bati likibana, vidole vya chuma vinarudi kugusa kaboni vizuri. Ni kiraka, ila kimewasaidia wengi.

Wasomaji walionunua Switch zao Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya wasifungue kitu: tangu 2023 Nintendo wanakarabati Joy-Con zinazovuta bila malipo huko, hata dhamana ikiwa imeisha. Yako ya Dubai haimo.

Kuhusu Steam Deck, rafiki yako ana nusu ya haki. Stiki zake zote mbili ziko juu, sambamba na vitufe, kwa hiyo gumba la kulia halikunjwi. Mipini yake inafikia milimita 49, na nyuma kuna vitufe vinne vya kuwapa kazi vidole vilivyokaa bure. Unaweza pia kupanga, kwa kila gemu, stiki isogee kiasi gani kabla gemu haijaitikia, jambo ambalo Switch yenyewe haikupi. Lakini toleo la OLED lina gramu 640, vidhibiti vyake havichomoki, na ukiishika juu ya uso umelala chali ganzi itakuja mapema zaidi. Stiki zake nazo ni za kaboni. Hata Switch 2 ya 2025 haikuwekewa za sumaku, na kwa gramu 534 na unene uleule wa milimita 13.9, gumba lako litaikuta na malalamiko yaleyale. Anza na stuli na raba ya kandambili. Baada ya wiki mbili gumba likiwa bado linauma, hapo ndipo uifikirie Steam Deck, na uicheze dukani ukiwa umekaa, dakika kumi na tano, kabla hujatoa pesa.