Uliza Mwalimu: Pesa zipo, mbona serikali ikafungwa?

Toleo lililopita nilichemsha, na wasomaji hawakuninyamazia. Niliandika kwamba Washington D.C. ina maseneta wawili kama jimbo lolote la Marekani. Barua ya kwanza iliyonifikia haikuwa hata na salamu.

*"Mwalimu, Washington D.C. haina seneta hata mmoja. Ulitufunza Historia na Serikali pale Eastlands, ukatuchapa kwa makosa madogo kuliko hili."* — Mwanafunzi wako wa zamani, Umoja

Nakubali, na mkono nimeunyoosha. Mji ule si jimbo. Ni wilaya ya serikali ya shirikisho. Wakazi wake wanakaribia laki saba, wengi kuliko wa jimbo zima la Wyoming, ambalo halifiki laki sita. Wyoming ina maseneta wake wawili, wao hawana kitu. Katika Baraza la Wawakilishi wana mjumbe mmoja anayeruhusiwa kuzungumza na kukaa kwenye kamati, ila kura ya kupitisha mswada ukumbini hapigi. Hata kumchagua rais walianza kuruhusiwa baada ya marekebisho ya katiba ya mwaka 1961. Kilio chao wamekiandika kwenye nambari za magari: kutozwa kodi bila uwakilishi. Hebu fikiria Nairobi bila seneta na bila wabunge wake 17, halafu lalamiko hilo libandikwe kwenye kila matatu. Sijui hata lingekaa wapi, maana zile michoro hazijaacha nafasi.

Tuendelee.

*"Mwalimu, mwanangu ni mkaguzi wa abiria kwenye uwanja wa ndege kule Marekani. Alishakuwa raia, na mwajiri wake ni serikali. Kila mwezi hunitumia kitu kidogo. Oktoba ya 2025 akanipigia simu kwamba hajalipwa, serikali imefungwa, na kazini bado anaenda! Ilipofika Novemba mimi ndiye niliyeenda kwa wakala kumtumia yeye pesa, kutoka Buruburu kwenda Marekani. Yule msichana wa dukani aliniuliza mara mbili kama sijakosea. Je, Marekani ilikuwa imefilisika? Na rais wao mwenye nguvu hivyo, alishindwa nini kutia sahihi watu walipwe?"* — Mama wa Phase 3, Buruburu

Mama, pole, na huyo msichana wa dukani mwambie hukukosea. Marekani haikufilisika. Pesa zilikuwemo.

Marehemu mke wangu alikuwa katika chama cha akina mama kumi na wanane. Sanduku lao la chuma lilikaa chini ya kitanda chetu, likiwa na kufuli tatu, na kila ufunguo ulikuwa na mama wake. Jumapili moja mwenye ufunguo wa pili alikuwa ameenda matanga Kakamega, ufunguo ukiwa ndani ya mkoba wake. Mama mmoja alikuwa amekuja kuchukua mkopo wa karo, shule zinafunguliwa kesho yake. Walikaa sebuleni kwangu wakilitazama lile sanduku mpaka chai ikapoa. Pesa zilikuwa pale, hatua mbili kutoka miguuni mwao, na hakuna aliyethubutu kuleta nyundo.

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, inasema hakuna pesa zitakazotoka hazina ila kwa sheria. Sheria ya matumizi inahitaji funguo tatu. Mmoja uko kwa Baraza la Wawakilishi, wabunge 435 wanaorudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili. Mwingine uko kwa Seneti, watu 100, wawili kutoka kila jimbo, wanaokaa miaka sita. Wa tatu anao rais, naye huutumia kwa kutia sahihi. Mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba, kama wetu unavyoanza 1 Julai. Siku hiyo ilipofika mwaka 2025, Baraza lilikuwa limeshapitisha mswada wa kuendesha serikali kwa muda, na rais alikuwa tayari kuutia sahihi. Ufunguo uliokwama ulikuwa wa Seneti.

Chama cha rais, Republican, kilikuwa na maseneta 53. Kwa hesabu ya kijiweni, 53 wameshawashinda 47, tufunge mkutano twende nyumbani. Lakini Seneti ile ina mazoea yake. Seneta akiamua kuupinga mswada anaweza kuendeleza mjadala bila kikomo, na ili mjadala ufungwe zinatakiwa kura 60. Jambo hili halimo kwenye katiba. Ni kanuni waliyojiwekea wenyewe. Zamani mpingaji alilazimika kusimama na kusema mpaka sauti imkauke. Mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina alisema kwa saa 24 na dakika 18 akipinga mswada wa haki za kiraia, na mswada bado ukapita. Siku hizi hakuna haja ya kuchoka hivyo. Upande wa wachache ukionyesha tu kwamba kura 60 hazitapatikana, mswada umelala. Wademokrati, chama cha upinzani, walitaka kwanza ruzuku za bima ya afya ziongezewe muda. Warepublican wakasema tufungue serikali kwanza, hayo tutayazungumza baadaye. Kura ikapigwa, ikakwama, ikapigwa tena, ikakwama tena, mpaka tarehe 10 Novemba Wademokrati wachache walipovuka upande na hesabu ikatoka 60 kwa 40. Rais alitia sahihi tarehe 12. Zilikuwa siku 43, ndefu kuliko zile 35 za mwishoni mwa 2018 na mwanzo wa 2019.

Kuhusu rais kutia sahihi peke yake: amri yake huwaelekeza watumishi wake jinsi ya kutekeleza sheria iliyopo, haizai bajeti. Ni kweli mwezi ule wa Oktoba alichukua fedha za utafiti za Wizara ya Ulinzi ili wanajeshi wapate mshahara, na wanasheria wakabishana sana kama alikuwa na ruhusa. Mwanao hakuwemo kwenye hesabu hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, hata huko kwao. Zamani bajeti ikichelewa, ofisi za serikali ya Marekani ziliendelea na kazi huku wakisubiri wabunge wapatane. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Benjamin Civiletti, aliisoma upya sheria moja ya karne ya 19 inayomkataza ofisa kutumia pesa ambazo Bunge halijaidhinisha, akatoa ushauri kwamba maana yake ni ofisi kufungwa. Akaacha kijidirisha kwa kazi za kulinda maisha na mali. Mwanao ameingilia hapo, Mama. Anakagua mabegi ili ndege isidhuriwe, kwa hiyo aliitwa kazini bila mshahara, wakati wafanyakazi wa makumbusho waliambiwa wabaki nyumbani. Wote wawili wanalindwa na sheria ya mwaka 2019 inayotaka walipwe malimbikizo serikali ikifunguliwa. Kwa hiyo kama ile pesa yako haijarudi, mkumbushe kijana taratibu.

Najua swali linalofuata, kwa sababu jirani yangu ameshaniuliza nikiandika hapa: wabunge wenyewe walilipwa? Walilipwa. Katiba imewawekea mshahara wao, na haukukatizwa na kule kufungwa. Jirani amecheka mpaka akapaliwa na chai. "Kumbe waheshimiwa ni waheshimiwa kila mahali."

Sisi tuna njia ya kukwepa shida hii. Kifungu cha 222 cha katiba yetu ya 2010 kinaruhusu Bunge la Kitaifa, bajeti ikichelewa, kuidhinisha hadi nusu ya makadirio ili hospitali na polisi wasisimame.

*"Mwalimu, mwaka 2017 Mahakama yetu ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Ya Marekani imewahi? Na ni kweli majaji wao hawastaafu?"* — Mwanafunzi wa sheria, Ngara

Haijawahi, kijana wangu, na sababu moja ni kwamba ingeshindwa ianzie wapi. Sisi tuna tume moja, fomu za aina moja, na mshindi anatangazwa Bomas. Kule hakuna tume inayoendesha uchaguzi wa nchi nzima. Kila jimbo lina sheria zake, maofisa wake na karatasi zake, kwa hiyo uchaguzi wa rais ni chaguzi 51 siku moja, ukihesabu na ule wa Washington D.C. niliouharibu toleo lililopita. Kila sehemu inatoa kura za wajumbe maalum wanaomchagua rais, jumla 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa zaidi ya kura laki tano nchi nzima, lakini Florida ilionekana kwenda kwa Bush kwa tofauti ya kura 537 kati ya karibu milioni sita. Florida ikawa inahesabu upya. Tarehe 12 Desemba Mahakama ya Juu ikasimamisha hesabu hiyo, majaji watano dhidi ya wanne, na Bush akaapishwa. Yetu, tarehe 1 Septemba 2017, wanne dhidi ya wawili, iliagiza watu warudi kwenye debe ndani ya siku 60. Ukiniuliza ipi iliyohitaji moyo mgumu zaidi, najibu ya kwetu, na barua zenu za kunipinga nitazisoma zote.

Majaji hawastaafu kwa lazima, hilo ni kweli. Wako tisa tangu mwaka 1869, na idadi hiyo imewekwa na sheria ya Bunge. Katiba yao haikutaja namba, tofauti na yetu iliyoandika saba na umri wa miaka 70. Rais anateua, Seneti inathibitisha, na aliyeingia anaweza kukaa mpaka kifo. Matokeo yake ni kwamba kifo cha mzee mmoja kinaweza kubadilisha siasa za nchi. Jaji Antonin Scalia alifariki Februari 2016, ikiwa imebaki miezi tisa uchaguzi ufike. Rais Obama akamteua Merrick Garland. Viongozi wa Seneti wakasema wananchi waamue kwanza nani awe rais, wakakataa hata kumwita ahojiwe, na mwaka uliofuata kiti kikaenda kwa mteule wa Trump. Jaji Ruth Bader Ginsburg alifariki Septemba 2020, zikiwa zimebaki wiki kama sita uchaguzi ufike. Mara hii Seneti ile ile haikusema wananchi waamue kwanza: Amy Coney Barrett alithibitishwa tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya kura. Hakuna sheria iliyovunjwa mara zote mbili. Katiba inasema Seneti ithibitishe. Haikusema ifanye hivyo lini, wala haikuizuia kukaa kimya.

Mimi nilistaafu nikiwa na miaka 60, chaki ikiwa bado mkononi, na shule haikuanguka. Naona 70 inamtosha jaji.

La mwisho limeletwa na kijana wa boda wa Donholm, ambaye aliniuliza huku amenibeba, kwa hiyo sina barua ya kuwaonyesha. Anataka kujua kama naibu wa rais wao amewahi kutimuliwa na Seneti kama wetu alivyoondolewa Oktoba 2024.

Hajawahi. Hata rais hajawahi kuondolewa kwa njia hiyo: Baraza la Wawakilishi limewashtaki Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mara mbili, 2019 na 2021, na kila mara Seneti haikufikisha theluthi mbili. Johnson aliponea kwa kura moja. Lakini naibu mmoja, Spiro Agnew, alijiuzulu Oktoba 1973 kwa mambo ya kodi na tuhuma za hongo, na rais wake Richard Nixon akamteua mbunge Gerald Ford ajaze nafasi, mabunge yote mawili yakakubali. Agosti 1974 Nixon naye akajiuzulu. Ford akawa rais bila kupigiwa kura na yeyote nje ya wilaya yake ya ubunge kule Michigan, kisha akamteua Nelson Rockefeller kuwa naibu wake, naye akaidhinishwa kwa utaratibu ule ule. Kwa miaka miwili na kidogo Marekani iliongozwa na rais na naibu ambao wananchi hawakuwa wamewachagua kwa nyadhifa hizo. Ford alipojitokeza kwa wananchi mwaka 1976, alishindwa na Jimmy Carter, yule ambaye Mwanasheria Mkuu wake alikuja kuandika ule ushauri uliomfikisha Mama wa Phase 3 kwa wakala.